Duka la mitandio na makobazi ya Kihindi Mtwara mjini: mzigo mzuri, majina ya kubandika

Watu wangu mmenichosha na swali moja, ule mtandio na yale makobazi ya kwenye sendofu umeyatoa wapi, haya nawajibu wote kwa mpigo. Nimeyatoa hapa hapa Mtwara mjini, kwenye duka la vitu vya Kihindi, mitandio, sari, bangili, udi, viatu vya ngozi, na jina la duka silitaji kwa sababu nina maneno nao na sitaki ugomvi, anayelijua analijua. Alafu msinielewe vibaya, pamoja na maneno niliyonayo nitarudi kununua, labda hata wiki ijayo.

Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, minada ya korosho imechanganya, watu wameanza kuingiziwa hela zao, na mnajua huku kusini msimu ukifika kila duka linajaza mzigo na bei zinapanda zenyewe bila kusukumwa. Binti wa mjomba anaagwa, tumeambiwa rangi ni nyekundu na dhahabu, mi nikasema safari hii sitaki kufanana na meza nzima, sitaki mtandio wa Chikongola ambao ukikaa unakuta wenzio watano wamejifunika huohuo. Nikaingia pale.

Nilichokutana nacho kwanza wala si mtandio, ni makobazi. Yamepangwa chini karibu na mlango, ngozi rangi ya asali iliyoiva, yamelala flati kabisa, mkanda wa juu umesukwa kama ukili wa mkeka, kuna pete ya kupitisha kidole gumba na kishada kidogo chekundu katikati. Nikageuza soli natafuta msumari, hakuna hata mmoja, yote imeshonwa kwa kamba za ngozi yenyewe, na ile harufu sio ya gundi, ni ngozi kweli iliyolainishwa na magome ya miti. Namuuliza kijana bei, ananiambia, "Dada hiyo themanini na tano, mzigo wa Italia huo." Na kweli ndani kuna kistika cha dhahabu kimeandikwa Italy.

Sasa mi kwa bahati mbaya yake nilikuwa nafuatilia ule mtafaruku wa Prada, kampuni ya mitindo ya Italia, toka mwanzo. Nikaingiza kucha kwenye pembe ya stika, ikabanduka yote kama ya kwenye tufaha, chini yake kuna mhuri umefifia wa Kolhapur, India. Nikamwambia yule kijana, mdogo wangu, hii Italia yako inaongea Kimarathi. Akacheka, sio kwa aibu, alicheka kama mtu aliyebambwa kwenye karata, akashusha mpaka sabini palepale.

Kwa ambao hamkufuatilia: Juni 2025 Prada walifanya maonyesho yao Milan, nguo za kiume za majira ya joto ya 2026, wanamitindo wakapita wamevaa makobazi ambayo mtu yeyote aliyekulia Maharashtra, jimbo la India wanaloongea Kimarathi na ulipo mji wa Kolhapur, anayajua kama wewe unavyozijua ndala. Kwenye maelezo wakaandika viatu vya ngozi, basi. India haipo, Kolhapur haipo, fundi ndo kabisa. Wahindi wakawaka, na wana haki ya kuwaka maana jina la Kolhapuri lilisajiliwa kwao tangu 2019 kama bidhaa ya mahali maalumu, wilaya nne za Maharashtra na nne za Karnataka, yani nje ya hapo huruhusiwi kuliita hivo. Ndo hapo penye ujanja, ukiiga kiatu ukaacha kulitaja jina hakuna pa kukukamata, usajili unalinda neno, mkono wa fundi hauna wa kuulinda. Kesi ilifunguliwa mahakama kuu ya Bombay, ikatupwa Julai hiyohiyo ya 2025.

Ila kelele zilifanya kazi. Prada wakaandika barua kwa chama cha wafanyabiashara cha Maharashtra kukiri kwamba wametolea wazo kwenye viatu vya jadi vya India, wakatuma watu Kolhapur kuonana na mafundi, na Desemba wakatangaza kutengeneza jozi 2,000 hukohuko Maharashtra na Karnataka kwa kushirikiana na mashirika ya ngozi ya serikali za majimbo hayo, kila jozi kama yuro 800. Kwa hela yetu hiyo imepita milioni mbili. Sokoni kwao jozi ya kawaida unaipata kwa rupia elfu moja na kitu, haifiki elfu arobaini ya hapa. Na wanaoyashona ni jamii ambazo kwa miaka na miaka zilisukumwa pembeni na mfumo wa matabaka, kisa wanashika ngozi ya mnyama aliyekufa, walikuwa hawaguswi, ila viatu vyao vinavaliwa na kila mtu.

Kwaiyo pale dukani nilikuwa nimeshika kichekesho mkononi. Milan waliificha India ili kiatu kionekane kimezaliwa kwao, Mtwara kijana anaificha India ili kiatu kipande bei, wala Milan hawajamtuma. Nikamuuliza kwani ukisema ya India inakuwaje, akanijibu kitu ambacho mpaka leo nakifikiria: "Dada nikisema India mtu anataka elfu kumi na tano." Ni kweli. Sisi India kwetu ni dawa za famasi na bajaji. Na tena bajaji tunaiita kwa jina la kampuni yake, hakuna aliyewahi kuibandika stika, wakati kiukweli hiyo ndo yenye damu ya Italia kidogo, Bajaj walianza kuzitengeneza kwa leseni ya Piaggio, kampuni ya Italia. Wazee wetu walikuwa na adabu hii zaidi yetu, shuka nyeupe ya pamba ikitoka Marekani wanaiita merikani, mwisho wa habari, ukivaa unatangaza ilikotoka hata kama hutaki. Siku hizi kila kitu kizuri ni "ya Dubai" au "ya Italia".

Tukapatana sitini. Tathmini ya kiatu chenyewe: siku tatu za kwanza kinauma katikati ya gumba na mwenzie, usidanganywe kitalainika dukani, kinalainika mguuni. Paka mafuta ya nazi kidogo usiku, kiache. Kinalia, krr krr ukitembea kwenye sakafu, huo sio ubovu, wenyewe wanapenda kilie hivo. Mvua ndo adui. Huku zikianza za Desemba weka kabatini mpaka zikate, nilikanyaga dimbwi moja tu pale Mkanaledi natoka kushuka kwenye basi na mguu wa kulia umepauka ukingoni mpaka leo. Kwa elfu sitini na mkono uliotumika naona nimelipa haki, ingawa ya fundi humo sijui ngapi.

Mtandio sasa. Huu ndo ulionitia hasira.

Kijana yuleyule (mtu wa maneno huyu, angefaa kuwa dalali wa mnada) akanitolea mtandio mwekundu umejaa nukta nyeupe na za njano, akasema bandhani hiyo, kazi ya mkono, elfu thelathini na tano. Bandhani nilikuwa naijua kwa jina, kitambaa cha jimbo la Gujarat huko India, sehemu za Kutch na Jamnagar, kinafungwa fundo dogo dogo kwa uzi kabla ya kutiwa rangi, neno lenyewe kwao maana yake kufunga. Nikalipa bila kubishana. Nikawaza mkono wa mtu umekaa hapa wiki nzima, mi nani wa kulialia bei.

Kesho yake nikapanda daladala kwenda Mikindani kwa shangazi kumuonyesha, maana shangazi anafunga batiki toka mi niko shule ya msingi, vidole vyake vina rangi ya bluu kwenye kucha ambayo haitoki. Aliupokea, hakuangalia mbele, akaugeuza. Akasogea nao mlangoni penye mwanga. Akauvuta pembe kwa pembe, akauachia, akauvuta tena.

"Nani kakwambia hii imefungwa?"

Nikasema wa dukani, shangazi.

"Muongo." Akaninyoshea nukta moja kwa ukucha. "Kitambaa kilichofungwa kinabaki na makunyanzi, ukikivuta kinarudi kama kinakukataa. Huu umelala. Alafu nukta, ukifunga kwa mkono nukta inakuwa kama jicho, katikati pana kitone pale uliponyanyua kitambaa, na hazilingani mwanangu, ya asubuhi haifanani na ya jioni maana mkono umechoka. Hizi zote pacha. Na nyuma huku rangi imefifia, huu umepigwa mashine upande mmoja."

Ndo nikajua nimenunua picha ya bandhani. Na picha yenyewe kwenye sendofu ikanitoa jasho jekundu, gauni langu la krimu mpaka leo lina ramani begani, nimeliloweka kwa chumvi, kwa siki, kwa kila kitu mlichonishauri, ramani ipo.

Nikarudi na mtandio kwenye mfuko, nimejiandaa kwa vita. Safari hii nikamkuta mzee mwenyewe, yule anayekaa nyuma kwenye meza ya hela. Mababu zake walitoka Kutch, yeye kazaliwa huku, Kiswahili chake cha Mikindani kimenishinda hata mimi. Hakubishana. Aliushika mtandio sekunde mbili akasema, "Hii printi, mama. Kijana kakosea." Kakosea! Nikasema mzee hajakosea, kaniangalia usoni kaniambia kazi ya mkono. Akanyamaza, akainuka taratibu, akarudi na kopo la biskuti lile la bati.

Humo ndani kulikuwa na kitu kama kamba nene iliyokunjamana, nyekundu ya damu ya mzee, imejaa vijinundu kama uduvi uliokauka. Ilikuwa bado imefungwa. Akanipa pembe mbili, yeye akashika mbili, akasema vuta kwa mshazari. Jamani. Uzi unakatika wenyewe, trrrrrr, mafundo yanafunguka mstari kwa mstari na kila fundo likifunguka nukta nyeupe inachomoza, vipande vya uzi vinatuangukia miguuni, na kitambaa kinapanuka mbele yako mpaka kinakuwa mtandio mzima. Akanieleza kwamba wanaofunga wengi ni kinamama majumbani, na jamii ya Makhatri ndo wenye kazi ya rangi tangu enzi, wanaanza na rangi nyepesi, njano, wanafunga tena, wanaingia kwenye nyekundu, wanafunga tena, wanaingia kwenye iliyokolea, na mtandio mmoja unaweza kubeba maelfu ya mafundo. Zamani bibi harusi wa kwao hatoki bila bandhani, ndo maana ilivuka bahari na kina bibi zao mpaka huku pwani.

Nikamuuliza kwanini sasa hii iko kwenye kopo na ile feki iko dirishani. Akasema, "Nikiiweka mbele mtu ananiuliza mbona ile pale thelathini na tano na zinafanana." Hii anauza laki na kumi. Amebakiwa nazo tatu, na hajaagiza nyingine kwa muda.

Hapo mi ndo niliona ubaya wa hii michezo ya majina kuliko kwenye habari yote ya Prada. Printi sio dhambi, kila mtu avae kulingana na mfuko wake, mi mwenyewe nina madera ya printi kumi na moja. Dhambi ni kuiita bandhani. Ukishaiita hivo, ile ya kopo inaonekana ghali bila sababu, inakaa gizani, mwenye duka haagizi tena, na mama wa watu huko Bhuj, mji wa Kutch, anayefunga mafundo kwa ukucha anakosa oda bila kujua kwamba aliyemnyang'anya ni kijana mmoja wa Mtwara mwenye maneno matamu. Hao wa Ulaya wenyewe ukiwaangalia hawana msimamo mmoja, Dior, kampuni ya mitindo ya Ufaransa, mwaka 2023 walipeleka onyesho lao Mumbai, pale Gateway of India, wakawaweka mbele mafundi wa kudarizi wa karakana ya Chanakya wanaofanya nao kazi, watu wakapiga makofi, alafu Juni 2025 Dior haohao chini ya mbunifu mpya wakatoa koti la darizi ya nyuzi za chuma inayoitwa mukaish, ya kule Lucknow, iliripotiwa mafundi 12 wamekaa nalo siku 34, na India haikutajwa. Miaka miwili tu hiyo. Kutaja wanajua vizuri sana, ila hawataji kila siku.

Kwenye pindo la ule mtandio wa kopo kulikuwa na mapambo, nikasema mzee korosho hizi zimekaa vizuri. Akacheka mpaka akakohoa. Kwao hilo pambo ni ambi, embe changa. Na kwenye mfuko wa nailoni wa mtandio mwingine pembeni kumeandikwa paisley. Pambo lilelile! Basi ndo hivi: mashali ya Kashmir yalipopendwa sana Ulaya, wafumaji wa mji mmoja wa Uskochi unaoitwa Paisley wakaanza kuyaiga, karne ya 19, wakauza mengi mpaka pambo likabatizwa jina la mji wao, na leo dunia nzima hata Mhindi mwenyewe akifunga mzigo wa kuuza nje anaandika paisley. Sisi tuna doti za kanga zenye pambo hilo na tunaita korosho. Nikajiuliza sasa na sisi si walewale? Sidhani. Tuliliita korosho kwa sababu ndo umbo tulilolijua, ila hakuna bibi wa Newala aliyewahi kusema kalibuni yeye. Na korosho yenyewe Mreno kaitoa Brazil akaitupa India na huku kwetu, kwaiyo tusitambiane sana. Ila ngoja niseme hili nikiwa nimeshalianza, korosho zetu nyingi zinaondoka ghafi kwenda kubanguliwa India na Vietnam, siku ukikutana nazo kwenye pakiti huko nje zimechomwa na chumvi, tafuta neno Tandahimba uniambie kama umeliona.

Au vinyago. Mzee wa Kimakonde anachonga mpingo miezi, kinyago kinafika duka la watalii kinaitwa sanaa ya Kiafrika, nchi hamna, kabila ukibahatika, jina la mchongaji sahau. Ndo maana niliposoma ya Kolhapur sikuona kama ni ya watu wengine. Kanga angalau zina heshima hiyo, zile za Mali ya Abdulla, duka la Mombasa la toka 1887, ukiangalia ukingoni jina la mwenyewe limepigwa chapa linatembea na kitambaa mpaka kinachanika.

Haya, mengine ya duka chapchap. Wanapokea lipa namba. Feni moja, ya kwenye meza ya mzee. Chumba cha kujaribia hakuna, kuna pazia na binti anakushikia. Bangili ni nzuri na bei sawa, udi sikununua. Hela hawarudishi, wanabadilisha, mi mtandio wa jasho jekundu walinikatia ule wote thelathini na tano nikaongeza sabini na tano nikachukua wa kopo, na gauni hawakulizungumzia. Ijumaa mchana wanafunga, msiende saa saba. Kama unataka kazi ya mkono kweli mpite kijana, nenda mpaka nyuma kwa mzee mwambie nataka ya kwenye kopo. Kabla hujalipa chochote kinachoitwa bandhani geuza nyuma, vuta mshazari, na lowesha kitambaa cheupe ukisugue pembeni, kikitoka pinki rudisha.

Makobazi nyota nne. Printi nyota moja, na hiyo moja ni kwa sababu kwenye picha nilitoka vizuri. Mzee tano. Duka zima tatu.

Nyongeza: nimepita juzi kumpelekea mzee salamu za shangazi. Nilikuwa nimemhadithia kijana ile habari yote ya Prada, ya milioni mbili, nikidhani namfundisha. Stika za Italy ameziondoa zote. Juu ya boksi ameweka kadi kubwa ameandika kwa maka peni PRADA ORIJINO, laki na nusu, na wakati natoka kuna dada alikuwa anajaribu ya namba thelathini na nane.